Porfesa

Nimebeba barua za Wendham mwaka wa kumi na tisa sasa.
Dakika arobaini kwa treni kutoka jijini:
watu elfu sita, maktaba mbili,
ya pili imejengwa kuhifadhi vitabu vilivyoishinda ya kwanza.
Baa hakuna. Kuna duka la jibini
ambalo muuzaji wake ana shahada ya uzamili ya falsafa,
na kisu chake husita hewani
kama mtu asiyeiamini bado hoja yake.

Mimi siishi hapa. Mshahara wangu hulala ng'ambo ya reli,
nami nalala nao.

Lakini nawajua kwa uzito wao.
Daktari Sathe, namba kumi na nne: majarida ya takwimu,
kila moja tofali.
Bi Keough, namba saba: bahasha za wachapishaji,
na bahasha nyembamba ni habari mbaya, sote wawili twajua,
kwa hiyo humkabidhi huku nikizungumzia baridi.
Mzee Orcutt, aliyefundisha Kilatini miaka arobaini,
hapati kitu ila bili ya gesi,
na hiyo huirudisha ilikotoka
ikiwa imesahihishwa.

Milango hawafungi. Hufunga sentensi.
Mkutano wa mji kuhusu taa ya njia panda
ulikwisha saa sita usiku;
taa haikuwekwa,
ziliwekwa kamati tatu.

Novemba, kwenye nguzo ya kona ya Alder,
tangazo kwa kalamu ya zambarau:

PAKA YANGU AMEPOTEA. ANAITWA PORFESA.
ANA SOKSI NYEUPE TATU. IMOGEN, MIAKA 6.

Jumanne, wino mwekundu: *Profesa.*
Na pembeni: *wangu, si yangu.*
Jumatano, wino wa buluu: *Hapo pana mjadala.*
Alhamisi, penseli: *Na mguu wa nne?*
Ijumaa, mwandiko wa Sathe, naujua:
*Alionekana lini mara ya mwisho? Tarehe haipo.*
Jumamosi mtu akabandika karatasi ya pili,
maana ya kwanza ilikuwa imejaa.

Nilisoma yote nikitafuta neno *nimemwona*.

Imogen alikuja akasimama chini ya nguzo,
koti limefungwa vifungo kombo.
Mwandiko wa kuunganisha hajajifunza bado.
"Wameandika nini?"
"Wanamtafuta," nikasema.
Kazi yangu ni kufikisha, si kutunga.
Siku ile nilitunga.

Kisha Disemba, vifurushi vikanizidi,
saa mbili usiku ningali njiani, theluji ya kwanza inadondoka,
na huyo mzee Orcutt katikati ya barabara,
ndara miguuni, tochi mkononi, kopo la dagaa mkono wa pili,
anaita: "Profesa! Profesa!"

Dirisha la namba tisa likafunguka. "Naam?"
Namba kumi na moja: "Nani ananiita?"
Namba kumi na nne, Sathe, taulo shingoni: "Mimi, au yule wa jirani?"
Barazani wakasimama wanne, kila mmoja na cheo chake,
wanatazamana.

Mzee alisubiri hadi madirisha yakafungwa,
la mwisho likichelewa.
Akaangaza huku na huku kama mwizi.
Theluji ilikuwa imemkaa kwenye nyusi.
Halafu kwa sauti ndogo,
sauti ya mtu anayekula kiapo kinyume na dini yake:

"Porfesa."

Chini ya ngazi za Bi Keough kitu kikajinyoosha.
Soksi nyeupe, moja, mbili, tatu.
Mguu wa nne ni mweusi, kwa yule mwenye penseli.

Wiki iliyofuata nilikuwa na barua ya Orcutt
ambayo haikutoka kampuni ya gesi.
Bahasha ya zambarau, stempu imebandikwa kichwa chini:
BWANA OKATI, NYUMBA YENYE MLANGO WA KIJANI.
Aliipokea mlangoni, akavaa miwani,
kalamu nyekundu ikichungulia mfukoni mwa shati.
Aliisoma anwani. Akaisoma tena.

Nilingoja kidogo, kwa mazoea,
mkono wangu uko tayari.

Hakuirudisha.